Damu Iliyokuwa Kipimo

Mwalimu alimwambia mume wangu kwamba damu yake ilikuwa sawa kabisa na ya kwake yeye Mwalimu. Alisema kweli. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wa mtaa wa Umoja waliomfahamu huanza habari zake kwa sungura, au kwaya, au ukali wake, na wakifika kwa mume wangu huwa wamechoka au wameanza kutafuta viatu waende zao. Mimi naanzia hapo. Mume wangu, Baba Nekesa, alirudi kazini wiki ile akiwa amechangamka, na mwaka haukuisha kabla hatujamzika kwao magharibi. Kisha nikarudi Nairobi, nikaendelea kupanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Mwalimu, na kufanya kazi chini yake katika maabara ileile iliyopima damu hiyo. Watu waliniuliza niliwezaje. Sijui. Nilikuwa nimekufa ganzi, na mtu wa namna hiyo hata kuhama hakumwingii akilini.

Sisi wa maabara tulimwita Mwalimu kwa kuwa ndiye aliyetufundisha sote kazi. Mtaani walimwita Mama Sungura. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa haraka. Aliishi Pumwani kabla ya kupata nyumba Umoja, na hata baada ya kuhama aliendelea kununua sukumawiki yake Majengo, akidai ya Umoja inarashiwa maji usiku kucha ili ionekane mbichi. Alikuwa haamini kitu ambacho hakukiona kikiandaliwa. Ukimkaribisha chakula, alikuja na kusimama jikoni mpaka sufuria iepuliwe. Wapishi walimchukia kwa hilo, lakini alikula sana na kusifu sana, kwa hiyo wakamsamehe.

Kazi yetu ni ndogo ukiitaja. Ndani ya damu kuna chembe sahani, vijipande visivyoonekana kwa macho, ambavyo mtu akijikata hukimbilia kidonda na kukiziba. Chembe hizo zikishtuka humwaga protini zilizo ndani yake. Sisi tulikuwa tunapima protini hizo. Zikiwa nyingi katika damu ya mtu asiye na kidonda chochote, basi kuna jambo ndani ya mishipa yake linalozishtua, na jambo hilo mara nyingi si zuri. Ili kuzipima tulitumia sungura. Sungura akidungwa kidogo protini ya binadamu, mwili wake huiona ngeni na kutengeneza kingamwili za kuikamata. Tulitoa damu kidogo kwenye sikio lake, tukazichuja kingamwili hizo, tukazipaka katika vishimo vya trei ya plastiki. Ukitia maji ya damu ya mtu ndani ya kishimo, protini inanaswa pale chini. Ukiongeza dawa za mwisho, rangi ya manjano inatokea. Manjano ikikolea, protini ni nyingi. Ikipauka, ni kidogo. Mtoto angeweza kuisoma trei.

Ugumu ulikuwa katika kuitoa damu. Chembe hizi zina woga. Ukimfunga mtu mpira mkononi ukakaza, zinashtuka. Ukichokorachokora mshipa kwa sindano, zinashtuka. Ukiiacha damu ipate joto la chumba huku ukipiga gumzo na mwenzako, zinamwaga kila kitu, na trei itakuonyesha mgonjwa pale alipoketi mtu mzima. Mwalimu alitufundisha kuketi na mtu kwanza, kumwuliza habari za nyumbani, kumfunga mpira kwa ulegevu kama unamfunga mtoto lemba, kuingiza sindano mara moja tu, kisha damu ya mwanzo unaimwaga. Hiyo ya mwanzo imeona sindano ikiingia, alisema. Tunataka ile ambayo haijapata habari.

"Usiishtue damu," ndiyo iliyokuwa kauli yake. Alimwambia hivyo mwanafunzi, alimwambia daktari, na siku moja alimwambia kondakta wa basi aliyemsukuma, ambaye hakuelewa lakini aliomba radhi.

Baada ya hapo ni barafu. Kila chupa ya damu ilizikwa ndani ya barafu papo hapo, na barafu hiyo tuliivunja wenyewe kwa nyundo kila asubuhi. Mwalimu hakuvaa glovu za sufu kama sisi. Alizamisha mikono mitupu kwenye ndoo, akapanga chupa, akaitoa mikono ikiwa imepauka. Katika miaka ile ya mwisho alikuwa na tabia ya kuutikisa mkono wa kulia, kuufungua na kuufumba, na kuutazama kana kwamba umeazimwa. Wakati mwingine chupa ilimponyoka. Nilipomwuliza, alisema vidole vimeingia ganzi.

"Ni barafu hii, Mama Nekesa. Itanimaliza vidole."

Ganzi ilipita, mkono ukarudi, akaendelea na kazi. Sote tuliamini ni barafu. Nani angefikiria kingine, mtu akiwa amesimama kando ya ndoo ya barafu?

Nyumbani alikuwa na sungura pia. Wale wa kazi walikaa kwenye banda nyuma ya hospitali, lakini waliozeeka aliwaleta Umoja, akawajengea vizimba ukutani, pale ambapo majirani wengine walikuwa wameongeza chumba cha duka. Aliwaita wastaafu. Alikuwa hali nyama ya sungura, na hakumzuia mtu mwingine kuila, ila asile yule mwenye alama za sindano sikioni. "Huyo amefanya kazi ya serikali," alisema. Jioni aliketi kwenye kigoda mbele ya vizimba akiwasomea gazeti. Simaanishi kwamba alikuwa mpole kwa watu namna hiyo. Kuna msichana wa maabara aliyelia chooni wiki nzima kwa sababu Mwalimu alimwambia mikono yake ni ya kukamulia nguo. Na ni Mwalimu huyohuyo aliyekwenda kusimama na msichana huyo pale ndugu walipotaka kumtoa nyumbani kwa marehemu baba yake. Alisimama mlangoni na mwavuli mpaka ndugu wakaona haya.

Alikuwa na desturi moja ambayo wageni waliiona ya ajabu. Saa nne tulikunywa chai katika chumba kidogo kando ya maabara. Birika lilipofika mezani, kabla mtu hajashika kikombe, Mwalimu aliuliza, "Nani ana neno?" Aliyekosea kitu tangu jana alikuwa na wajibu wa kukisema hapo, kwa sauti, bila maelezo marefu. Nilisahau kuwasha mashine ya baridi. Nilichanganya chupa mbili. Nilishtua damu ya yule mama wa Kariobangi. Hakuna aliyekaripiwa mezani. Sote tulijibu pamoja, "Tumesikia," na hapo ndipo chai ilipomiminwa. Ukikosa kusema na kosa likajulikana baadaye, ndipo ulipouona moto wake. Alisema makosa yanasemwa kabla ya chai kwa sababu baada ya chai mtu ana joto tumboni na anaanza kujitetea. Nimefanya kazi mahali pengine tangu wakati huo, na sijaona desturi iliyonisaidia zaidi ya hiyo. Nasema hivi nikijua vizuri ninamsema nani.

Sasa niseme kuhusu mkono wake, kwa maana ndio mzizi wa yote. Kila trei ilihitaji kipimo, yaani damu ya mtu anayejulikana kuwa mzima, ili za wagonjwa zilinganishwe nayo. Maabara za ng'ambo zilikuwa na watu wengi wa kujitolea. Sisi tulikuwa na Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi. Mwalimu alizunguka akiomba watu wazima watoe damu kidogo, na hapo akakutana na mumiani.

Wazee wa Pumwani walikuwa bado wanasimulia habari za magari yaliyopita jioni na watu waliokamatwa wakanyonywa damu ikauzwa. Vijana walicheka hadithi hiyo, lakini hawakukunja mkono wa shati watolewe damu. Mwalimu alikwenda kwa majirani wa zamani, akaketi, akauliza habari za nyumbani, akaeleza chembe sahani na sungura. Walimsikiliza kwa adabu. Alipotoa sindano, wakakumbuka shughuli zao. Mzee mmoja aliyemfahamu tangu akiwa msichana alimwambia, "Mwanangu, hata kama wewe si mumiani, unajuaje unaowafanyia kazi si mumiani?" Pale Umoja vijana wa kona walimngoja ashuke na thamosi yake ya barafu.

"Niaje, Mathee! Leo umenyonya nani?"

"Nimemnyonya babako, hana kitu," aliwajibu, nao wakaanguka kicheko.

Kwa hiyo akatumia mkono wake mwenyewe. Alikuwa hanywi pombe, havuti sigara, anatembea kwa miguu kutoka kituoni kila siku, anaimba kwaya sauti ya pili, hajalazwa hospitali hata mara moja. Nani mzima kama huyo? Kila mwezi alikunja mkono wa sweta, mmoja wetu akamtoa damu, ikazungushwa kwenye mashine, yale maji ya juu yakagawanywa kwenye vichupa vidogo na kutiwa kwenye friza. Miaka yote hiyo watu wote tuliowapima walilinganishwa na yeye. Alijivunia jambo hilo kidogo, si sana. Akiwa na furaha aliupiga mkono wake kofi na kusema, "Huu ndio wastani wa Nairobi."

Kwa sababu ya kuwa kipimo alijinyima asprini. Asprini huzituliza chembe sahani, zikawa hazimwagi kama kawaida, na anayeimeza hafai kupimwa kwa muda. Mwalimu alikuwa na maumivu ya kichwa. Yalimjia ghafla, na mara nyingine aliona upande mmoja wa dunia umefifia, akakaa chini mpaka upite. Kabati lake lilikuwa na asprini za kutosha mtaa mzima. Mtoto wa mtu akipata homa, mzee akiumwa na magoti, walibisha kwake na kupewa. Yeye alifunga kichwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, akalala. Nilimwambia mara nyingi ameze moja tu.

"Nikimeza nitakuwa kipimo cha nini?" alisema. "Cha asprini?"

Siwezi kuueleza vizuri uchungu wa sentensi hiyo. Zamani niliicheka.

Baba Nekesa alifanya kazi kiwanda cha sabuni Industrial Area. Alikuwa mtu wa maneno machache na sigara nyingi. Mguu wake ulianza kumwuma akitembea, nyuma chini ya goti, akisimama unaacha. Kwa kuwa alikuwa na haya, hakusema. Alijizoesha kusimama mbele ya muuza magazeti akisoma vichwa vya habari bila kununua, kisha kwa fundi viatu, kisha kwa yule wa mahindi ya kuchoma, akionekana mtu wa kujuana na watu wote. Nilimgundua siku tulipotembea pamoja kutoka kanisani. Nilitaka aende kliniki. Alisema foleni ya kliniki itamla siku nzima, na kwamba mtu akiingia pale akiwa na mguu anatoka hana.

Nilimweleza Mwalimu tukiwa tunaanika nguo. Hapo hapo akasema, "Mlete nimpime. Damu ikiwa mbaya nitampeleka kwa daktari mimi mwenyewe, nimeshika ukosi wa shati."

Na Baba Nekesa, ambaye hakuwahi kumkunjia mtu mkono wa shati, akakubali. Alimwamini Mwalimu kuliko alivyoamini hospitali. Alikuja maabara Jumamosi. Mwalimu aliketi naye, wakazungumza habari za sungura na bei ya sabuni, akaingiza sindano bila Baba Nekesa kuona imeingia saa ngapi. Damu ya mwanzo akaimwaga. Iliyofuata akaizika kwenye barafu. Haikushtuliwa. Nilikuwepo, niliona, na sijawahi kuona damu iliyotolewa vizuri kuliko ile.

Jumatatu trei ikasomwa. Kishimo cha Baba Nekesa na kishimo cha kipimo vilikuwa na manjano ileile. Jioni Mwalimu alipita kwetu, akasimama mlangoni akiwa bado na mkoba begani.

"Baba Nekesa, wewe ni mzima. Uko kama mimi. Hiyo ni misuli tu, jipake dawa na upunguze hizo sigara."

Mume wangu alicheka, jambo ambalo alilifanya kwa nadra. Tangu siku hiyo, kila nilipotaja kliniki alinijibu kwamba Mwalimu amempima. Nilikuwa sina la kuongeza, maana mimi mwenyewe ndiye niliyezipaka zile trei na kujua zinavyofanya kazi. Akaendelea kusimama kwa muuza magazeti. Siku alipoanguka alikuwa hapo, na muuza magazeti alidhani anainama kusoma. Moyo ulikuwa umesimama kabla hajafikishwa hospitali.

Msiba ule Mwalimu aliubeba kama wake. Alipika, alikusanya watu, alisafiri nasi mpaka kaburini, akaimba. Binti yetu Nekesa alilala kwake wiki kadhaa. Sikumlaumu kwa lolote, kwa kuwa hapakuwa na la kumlaumu. Alikuwa amepima na kuona, na watu wazima pia hufa. Sikulia sana. Nilifika nyumbani, nikapika, nikala, nikalala. Nilizungumza na kila mtu vizuri. Mambo yalikuwa yanapita mbali nami, na niliyaacha yapite.

Kisha wakaja wanafunzi wa uuguzi. Chuo kilikubali kutoa vijana wa kujitolea, wasichana na wavulana wenye afya ya kurukaruka, wasiojali mumiani. Mwalimu alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Tuliwatoa damu kwa siku mbili. Trei ilipokuwa tayari, vishimo vyao vyote vilipauka, na cha Mwalimu kilikuwa kimekolea manjano.

Alisema kingamwili zimezeeka. Tukaenda kwa sungura mwingine, tukapaka trei nyingine, tukapata vilevile. Alisema basi vichupa vyake vya friza vimeharibika. Akanipa mkono nimtoe damu mpya. Nilimtoa taratibu, nikaimwaga ya mwanzo, nikaizika iliyofuata. Ikakolea vilevile. Alisema nimeishtua. Nikamtoa tena siku ya pili, mbele ya wenzangu, mikono yangu ikiwa imetulia kama ya mtu aliyelala. Damu iliyoshtuka siku zote inakolea, haipauki, na hakuna anayeweza kuwashtua wanafunzi wote wakapauka. Alikuwa analijua hilo kabla yetu. Ndiye aliyetufundisha.

Aliitazama trei ya mwisho muda mrefu. Mkono wa kulia alikuwa anaufungua na kuufumba.

"Watoto wa watu ni wazima," akasema. "Mimi ndiye mgonjwa."

Akaenda kwenye friza mwenyewe, akapekua, akarudi na kichupa kidogo. Kilikuwa na jina la mume wangu. Nilikuwa sijui kimebaki. Hakuniomba ruhusa wala hakunitazama. Alikiyeyusha, akakipima pamoja na cha kwake na cha wanafunzi, na tukangoja. Wanafunzi wakapauka. Halafu vikatokea viwili vya manjano nzito, kimoja kando ya kingine, cha Mwalimu na cha Baba Nekesa. Vilikuwa sawa kabisa, kama alivyosema mlangoni.

Birika likaletwa. Ilikuwa saa nne. Tukaketi wote mezani, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza nani ana neno. Mwalimu alikitazama kikombe chake. Kisha akainuka, akasema anakwenda kuwapa sungura majani, akatoka. Tulikaa pale hadi chai ikapoa. Hakuna aliyethubutu kuimimina. Nilimngojea, naungama. Sikutaka alie wala apige magoti. Nilitaka aketi na kusema sentensi moja, kama tulivyosema sisi sote, hata yule msichana wa kulia chooni. Hakurudi siku hiyo. Kesho yake alikuja, akafanya kazi, akafuta utaratibu wa kipimo kimoja na kuanzisha mwingine ambapo damu ya watu wengi inachanganywa iwe moja. Aliwatafuta wagonjwa wote wa zamani waliowahi kuambiwa ni wazima, mmoja baada ya mwingine, akawapeleka kwa daktari, wengine kweli ameshika ukosi wa shati. Alifanya yote isipokuwa lile. Na kuanzia siku hiyo hakunywa chai nasi tena. Alikunywa peke yake bandani.

Nilihamia mtaa wa Fedha mwaka uliofuata. Sikugombana naye. Nilimwambia kwamba huko Nekesa atakuwa karibu zaidi na shule yake, naye alisema ni vizuri. Alinisaidia kubeba godoro.

Kiharusi kilimpata kanisani, katikati ya wimbo. Upande wa kulia ukapooza. Mkono ule aliouita wa barafu haukurudi tena. Daktari alimwandikia asprini kila siku, na nasikia alicheka alipoambiwa, kicheko cha upande mmoja, mpaka binamu yake aliyekuwa akimtunza akaogopa. Mimi sikwenda kumwona. Nilituma matunda. Miezi ikapita hivyo.

Kisha akatuma neno kwamba niende nimtoe damu. Hakutaka mtu mwingine.

Nilikwenda Jumapili na thamosi ya barafu. Vijana wa kona walikuwa wengine, wakubwa wale wameshaoa. Vizimba vya sungura vilikuwa viwili tu. Mwalimu aliketi kwenye kiti chenye mito, amekonda, uso umelegea upande. Nikauliza habari za nyumbani. Akajibu kwa shida, neno moja moja. Nikamfunga mpira kwa ulegevu, sindano ikaingia mara moja, nikamwaga ya mwanzo. Alikuwa akinitazama mikono muda wote. Nilipomaliza alitikisa kichwa kwa kukubali, na kwa Mwalimu hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Jumapili iliyofuata nilirudi na majibu. Binamu yake alikuwa ameacha birika na vikombe viwili mezani, akaenda sokoni. Niliketi mkabala naye.

"Sema," akaniambia.

Nilikuwa nimepanga kumpoza. Njiani nilitunga maneno: inapungua, dawa inafanya kazi, tungoje. Nilipofungua mdomo hayakuwepo.

"Bado imekolea, Mwalimu. Hata na dawa. Uko kama Baba Nekesa."

Hakushtuka. Alinitazama kwa jicho lile zima. Nje sungura mmoja alikuwa anakwaruza waya. Niliona hasira yangu, ambayo nilidhani sina, imekaa pale chumbani nasi, na haikuwa kubwa kama nilivyoiogopa. Nikanyoosha mkono kushika birika, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Akaweka kiganja cha kushoto juu ya kikombe changu.

"Ngoja," akasema. "Kabla ya chai."

Mkono wangu ukabaki hewani. Alitafuta maneno, moja likaja, lingine likakataa, akarudi nyuma na kuanza tena. Sikumsaidia. Tuliketi namna hiyo mpaka akafika.

"Mume wako. Nilimpima kwa mimi. Sikujipima mimi kwanza. Nikamwambia ni mzima."

Hakuongeza maelezo. Hakutaja barafu, wala mumiani, wala Mungu. Kiganja kilikuwa bado juu ya kikombe, kikingoja. Wenzetu wote wa meza ile hawakuwepo, nilikuwa peke yangu, na neno langu lilichelewa kuliko lake.

"Nimesikia," nikasema.

Akaondoa mkono. Nikammiminia yeye kwanza.